Kijiji husomewa hadi hesabu ya chai, benki ya umma je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nitakuwa mrefu kidogo. Nimefundisha hesabu na utunzaji wa vitabu vya fedha kwa miaka 33 katika shule za sekondari za mkoa huu, na ile tabia ya kudai "onyesha njia" haikustaafu pamoja nami mwaka 2022.

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano mkuu wa kijiji huku kwetu upande wa Simbo, Kigoma Vijijini. Mtendaji akasimama chini ya mwembe na kusoma mapato na matumizi ya miezi mitatu, kama anavyotakiwa. Mapato yote shilingi 412,000. Akashuka kwenye matumizi, kifungu kwa kifungu, mpaka akafika "chai ya wageni, 12,000". Hapo akainuka mama mmoja mkamuaji wa mawese, viganja bado vina rangi ya chungwa, akauliza: "Samahani baba mtendaji, wageni gani hao, na walikunywa chai gani?" Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka wala hakuketi. Ikabidi mtendaji ataje: mabwana shamba wawili na dereva wao. Risiti akaileta kesho yake, ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi. Chai vikombe vitatu, chapati, mayai, saini ya muuza chai.

Ninaandika kwa sababu ya mama yule. Kijiji chenye laki nne kinabanwa kwa ajili ya elfu kumi na mbili, na ni haki kabisa. Lakini benki zenye mtaji wa serikali, zilizoundwa kwa jina la maendeleo yetu, hukopesha mabilioni kila mwaka, na hakuna mkutano wowote, wa chini ya mwembe wala wa chini ya kiyoyozi, ambako mtu wa Kigoma anaweza kusimama na kuuliza: mwaka huu mmekopesha kiasi gani katika wilaya yangu, kwa kazi gani, na mmewakataa wangapi?

Nieleze kwanza yaliyotukuta, ili isije ikaonekana nasema ya kusikia.

Kikundi chetu kina watu 14, wanawake tisa na wanaume watano. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipokuja Kigoma na kuhimiza mchikichi uwe zao la kimkakati, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora ya tenera, sisi tulikuwa miongoni mwa waliosadiki. Hoja ilikuwa na akili: nchi hii huagiza mafuta ya kula kwa fedha nyingi za kigeni ilhali mchikichi unaota Kigoma kama magugu. Tukang'oa michikichi ya kienyeji tuliyoachiwa na babu zetu, tukapanda ekari 23 za tenera mwishoni mwa 2019. Mzee mmoja wa kikundi aligoma kung'oa minne iliyo mbele ya nyumba yake. Alisema hiyo ndiyo iliyomtolea mahari. Tukaiacha.

Mwaka 2023 mikungu ya kwanza ikaanza kushuka, na tatizo likawa kukamua. Kinu chetu ni kile cha pipa, cha kuzungusha kwa mikono. Makapi yakishatoka, ukiyaminya kiganjani bado yanalowesha. Yaani mafuta tuliyoyasubiri miaka mitatu na zaidi tunayawashia moto. Nikakaa na karatasi. Mashine ya kukamulia milioni 16, kichemshio na tangi milioni 7, banda lenye sakafu ya zege milioni 9, mota na kuvuta umeme milioni 4, fedha ya kununulia mikungu ya majirani milioni 2. Jumla milioni 38.

Tukaenda benki. Jina lake nalihifadhi, na msomaji asijisumbue kubahatisha, maana serikali ina mtaji au hisa katika benki zaidi ya moja, nami simtafuti mchawi. Tulipeleka maombi Jumatatu, tarehe 6 Machi 2023. Afisa mikopo alipotuona akasimama: "Shikamoo mwalimu." Kumbe nilimfundisha kidato cha tatu, na alikuwa hodari. Akapokea katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, namba ya mlipa kodi, andiko la mradi, hati za mashamba. Hizo hati ndizo zilizomfanya akune kichwa. Ni hati za hakimiliki za kimila, zile zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Siku tuliyokabidhiwa, kiongozi alizishika juu kwa mikono miwili akasema, "Hizi ni funguo za benki." Kijana akanieleza kwa adabu kwamba hizi funguo zina meno tofauti na kitasa chao. Wanataka hati ya kiwanja kilichopimwa.

Nikaweka nyumba yangu ya Ujiji, niliyoimalizia kwa kiinua mgongo. Mthamini akaja, akapima, akalipwa. Faili likaenda makao makuu. Kila tulipouliza tuliambiwa liko kwenye kamati. Tulikwenda mjini mara 11, watu wawili wawili. Tarehe 17 Oktoba, siku ya 225 tangu tupeleke maombi, kijana akaniita pembeni. "Mwalimu, kamati imeona eneo lenu lina hatari kubwa."

Hatari gani? Ukame? Simba? Wizi? Michikichi imekuwapo hapa kabla reli ya kati haijafika Kigoma mwaka 1914. Nikamwomba aniandikie hilo neno kwenye karatasi yenye nembo ya benki, nikawasomee wenzangu. Akatazama mlango wa meneja, akashusha sauti: "Hilo huwa hatuandiki, mwalimu."

Mhariri, nimekataliwa mambo mengi katika maisha yangu na nimezoea. Nilikataliwa uhamisho mara nne, kwa barua, kila barua na sababu yake, nyingine za uongo lakini zimeandikwa na nikazijibu. Hili la kukataliwa kwa mdomo, na benki ya umma, ndilo lililoninyima usingizi.

Hesabu ya kuomba mkopo tusioupata ni hii hapa. Aliyetuandikia mradi, 450,000. Mthamini, 350,000. Mwanasheria na mihuri yake, 120,000. Nauli, 88,000. Nakala na picha, 37,500. Jumla 1,045,500, karibu elfu sabini na tano kwa kila mwanakikundi. Niliisoma kwenye kikao, na mama yule wa chai, ambaye ni mwenzetu, akauliza kama mwanasheria hakuweza kupunguza. Sikuwa na jibu.

Kilichofuata kila mtu wa mtaani anakifahamu. Januari 2024 msimu ulitukuta hatuna kitu, tukachukua milioni 3 kwa mkopeshaji binafsi, ile mikopo inayoitwa kausha damu, tukanunua injini iliyotumika na kuifunga kwenye kinu cha zamani. Riba asilimia 20 kwa mwezi. Miezi mitatu ikatutoka 1,800,000 ya riba peke yake. Kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, ambayo redio zilitutangazia mpaka Kalya, miezi hiyo mitatu ingetugharimu 67,500. Tofauti ni 1,732,500. Wanafunzi wangu wa zamani wanaweza kuihakiki.

Hiyo asilimia 9 haikuzuka hewani. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza hatua za kushusha riba: benki inayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 ipunguziwe kiasi cha amana inacholazimika kuweka Benki Kuu, na ikatengwa trilioni 1 ya kuzikopesha benki kwa riba ya asilimia 3 ili nazo ziwakopeshe wananchi kwa isiyozidi 10. Ni jambo jema, nililishangilia. Lakini huo ni unafuu uliotolewa kwa mgongo wa umma. Kama benki imenufaika kwa sababu inakopesha wakulima, mimi mkulima nina haki ya kujua ni wakulima gani, na wako wapi. Je, ni wenzangu wa Buhigwe na Kakonko, au ni kampuni kubwa iliyosajiliwa mjini yenye neno "agro" kwenye jina?

Kila robo mwaka nalinunua gazeti lako siku benki zinapochapisha hesabu zao. Mke wangu hucheka. Mwanamume mzima na rula na miwani, anafuatisha mistari midogo kama anatafuta jina la mtoto kwenye matokeo. Nimeona amana, nimeona mikopo, nimeona mikopo chechefu, ile isiyorejeshwa kwa wakati, nimeona mishahara ya wafanyakazi. Mstari wa Kigoma sijauona. Wa Tabora sijauona, wa Katavi sijauona. Zipo takwimu za kanda, lakini kanda humeza mikoa. Mwanafunzi mmoja akipata 90 na mwenzake akapata 10, nikawaandikia wazazi wote wawili kwamba wastani ni 50, nimedanganya nyumba mbili kwa mpigo.

Mtu ataniambia CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakagua. Anakagua, tena namheshimu. Katiba imempa kazi hiyo, na kamati ya Bunge ya uwekezaji wa mitaji ya umma huwaita wakubwa wa mashirika wakajieleze. Mimi nataka swali jingine liongezwe juu ya yale wanayoulizwa. Fedha inaweza kuwa haikuibiwa hata senti, kila fomu ina saini, na bado ikawa imezunguka mitaa ileile mitatu ya jiji lilelile kwa miaka kumi.

Jambo hili si geni duniani. Marekani, miaka ya 1930, ramani za miji zilichorwa na chombo cha serikali, na mitaa ya watu weusi ikapakwa rangi nyekundu kuonyesha kwamba kukopesha huko ni hatari. Neno ni lilelile nililoambiwa mimi. Watu wa mitaa hiyo walilalamika miaka na miaka wakaambiwa wanahisi vibaya. Mwaka 1975 Bunge lao likapitisha sheria ya kuzilazimisha benki zitangaze zimekopesha nyumba maeneo gani, na miaka miwili baadaye ikaja nyingine ya kuzitaka zihudumie maeneo yote zinakochukua amana. Ile ya 1975 haikuilazimisha benki kumkopesha mtu hata mmoja. Ilisema tu: sema umekopesha wapi. Ikatosha watu kuanza kubishana kwa tarakimu badala ya machozi.

India nao, tangu mwaka 1969, wana utaratibu wa kuipa kila wilaya benki moja kiongozi, na hukokotoa uwiano: kwa kila rupia 100 zilizowekwa benki na watu wa wilaya hii, ngapi zimekopeshwa hapahapa? Hesabu hiyo ni ya darasa la sita. Nipewe tarakimu mbili tu, amana za Kigoma na mikopo ya Kigoma, nitaifanya mwenyewe. Walimu, wauguzi, wavuvi wa Kibirizi na Katonga, wauza dagaa wa Mwanga, wote tunaweka. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 samaki wapumzike, wengi waliishi kwa akiba hizo. Akiba zetu zinalala wapi usiku?

Sasa nije kwenye hoja ninayorushiwa kila nikilisema hili: usiri wa mteja. Benki haiwezi kutaja mambo ya wateja wake, mwalimu.

Sawa. Kwanza sijaomba jina la mkopaji mdogo hata mmoja. Jumla ya wilaya haina jina la mtu. Pili, huo usiri naufahamu unavyofanya kazi, maana nimeuona kwa macho. Mama wa Gungu akishindwa kurejesha milioni nane, jina lake linatoka gazetini, pamoja na mtaa, namba ya kiwanja na idadi ya vyumba. Halafu inapita gari yenye kipaza sauti ikitangaza mnada, watoto wake wako darasani wanaisikia. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu nayo imewahi kuchapisha majina ya wadaiwa sugu, vijana waliomaliza chuo na wengine hawajapata kazi. Kwa hiyo usiri wa mteja una ukubwa wake. Ukidaiwa kidogo, unafunuliwa. Ukidaiwa mabilioni ya benki ya umma, unaitwa "mteja mkubwa" na deni lako "linapangiwa upya".

Ukimya huu unazaa uvumi, na uvumi unawaumiza hata walio safi. Njia ya kuingia mjini kuna jengo la kiwanda cha mawese ambalo halijawahi kukamua. Lina paa, lina bango, ndani wanalala mbuzi. Kijiweni wanasema ni mkopo wa benki ya umma, wanataja na kiasi, na kiasi kinapanda kila mwaka bila hata riba. Pengine mwenye jengo alijenga kwa fedha yake halali akaishiwa, kama wanaume wengi wenye nyumba zisizo na madirisha. Lakini nitawakanushia kwa karatasi gani? Kijana wangu wa benki, yule hodari wa kidato cha tatu, anatukanwa kijiweni kwa jambo ambalo huenda halipo, na hawezi kujitetea kwa sababu "hilo huwa hatuandiki".

Nisiwapake benki tope lote. Sisi wakopaji tuna yetu, na nisipoyasema nitaonekana mnafiki mbele ya watu wa Ujiji wanaonijua.

Mwaka 2006 serikali ya awamu ya nne ilitoa yale yaliyoitwa mabilioni ya JK, bilioni moja kwa kila mkoa wa Bara, mikoa 21, yapitie benki yawafikie wajasiriamali. Nakumbuka foleni. Nakumbuka pia mazungumzo ya foleni: "Hizi ni asante ya kura." Mimi mwenyewe, mwalimu wa hesabu, nilimwandikia jamaa yangu barua ya kumsifia nikijua hana duka. Akapata laki tano, akaoa mke wa pili. Hakurejesha, na hakuna aliyekuja kuniuliza kwa nini nilimsifia. Namna hiyo ndivyo mkoa unavyojipatia sifa ya hatari kubwa, kwa barua kama yangu. Sijawahi kuandika nyingine.

Shemeji yangu wa Urambo, mkoa wa Tabora, analima tumbaku. Yeye anaumizwa upande wa pili. Chama chao cha msingi hukopa pembejeo kwa pamoja; wenzake wakitorosha tumbaku au wakashindwa, makato yanamfuata yeye aliyepeleka mitumba yake yote ya tumbaku sokoni. Mwaka mmoja alirudi nyumbani na karatasi ndefu ya makato na fedha ya kununua baiskeli ya mtoto. Kwake yeye, uwajibikaji ni kujua nani hasa anadaiwa, kiasi gani, na kwa nini deni la mtu mwingine limeandikwa mgongoni mwake. Aliomba orodha akaambiwa iko kwa mhasibu. Mhasibu yuko likizo. Nadhani mpaka leo.

Naelewa pia kwamba benki ikikopesha ovyo inakufa. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki 5 ndogo kwa kukosa mtaji wa kutosha, ya wakulima wa Kagera na ya wananchi wa Njombe zikiwamo, na waliolia ni wenye akiba. Wakati ule mikopo chechefu ya benki za nchi nzima ilikuwa zaidi ya asilimia 10. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa imeshuka chini ya 5, kiwango ambacho Benki Kuu inakitaka. Hongera kwao. Lakini naomba niulize kwa upole: ile 10 ya mwaka 2018 ilitengenezwa na nani? Kikundi chetu hakikuwa na mkopo hata mmoja wa kuuchechefusha.

Kuna jambo linalonipa moyo, nalo liko hapahapa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake asilimia 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa na vikundi hewa kugundulika. Iliporudishwa, halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu utaratibu wa kuipitisha benki, na Manispaa ya Kigoma Ujiji ni mojawapo. Sisi wa Vijijini hatumo, tunachungulia tu dirishani. Lakini kwa kuwa jaribio liko Kigoma, basi tarakimu zake zianze Kigoma. Vikundi vingapi viliomba, vingapi vilipata, benki ilichukua siku ngapi, vilivyokataliwa viliambiwa nini. Zibandikwe pale manispaa, kwenye ubao uleule unaobandikwa majina ya waliopata vibanda sokoni.

Na Benki ya Ushirika, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025, bado ina harufu ya rangi mpya. Ni rahisi kwake kuanza na daftari lililo wazi kuliko benki kongwe kujifunza uzeeni. Vilevile TADB, Benki ya Maendeleo ya Kilimo, inasimamia mfuko wa dhamana kwa wakulima wadogo, unaobeba sehemu ya hasara benki za biashara zinapowakopesha. Mfuko kama huo uliwekwa kwa ajili ya maeneo yanayoitwa hatari. Ningependa kuona, wilaya kwa wilaya, umedhamini nini. Kama Uvinza haimo, watuambie haimo, tujue pa kuanzia.

Ninachokitaka hasa ni kidogo kuliko kelele niliyopiga. Kila benki yenye mtaji wa umma ichapishe mara moja kwa mwaka, kwa kila wilaya, amana zilizopokewa, maombi ya mikopo, yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa, na siku zilizotumika. Meneja wa mkoa azisome mwenyewe kwenye Kamati ya Ushauri ya Mkoa, wajumbe wamuulize ya chai. Na anayekataliwa apewe barua yenye sababu. Hiyo barua ndiyo muhimu kwangu kuliko yote. Kwa barua ningejua kama kasoro ni hati, ni hesabu zangu, ni umri wangu, au ni Kigoma kuwa mwisho wa reli. Hati ningeitafuta, na hesabu ningezirudia.

Wenzangu kwenye kikundi wanasema natwanga maji kwenye kinu, na sisi kinu tunacho kweli. Mashine bado hatuna. Injini ya mtumba imekufa mara mbili, na wiki hii wanawake wamerudi kuzungusha pipa kwa mikono.

Hata hivyo nimepeleka barua nyingine, kwa benki ileile, chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inavigusa pia vyombo vinavyotumia fedha za umma. Nimeuliza maswali matatu, yote ya tarakimu: kwa mwaka 2023 mlipokea maombi mangapi ya mikopo ya kilimo kutoka Wilaya ya Kigoma, mlikubali mangapi, na jumla ni shilingi ngapi? Aliyeipokea ni kijana wangu. Aliisoma mara mbili, akaniangalia, halafu akagonga muhuri kwenye nakala yangu bila kusema neno. Sheria inawapa siku 30. Ijumaa ijayo zinatimia, na nimeshamwambia mama wa chai ajiandae, tutapanda daladala ya saa kumi na mbili asubuhi.

Mwalimu mstaafu na mweka hazina wa kikundi,
Simbo, Kigoma Vijijini.
(Jina na namba ya simu unavyo, Mhariri. Usivichape.)